Mama, Gari Nimelivuta Salama

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, goti limetulia na usingizi unakuja bila kubembelezwa. Sisi huku hatujambo. Binti yako naye hajambo, ila leo ameninunia, na sababu utaiona mbele.

Unakumbuka siku ile mezani uliposema unataka gari la marehemu Baba, lililobaki kule nyumba ya zamani, liletwe hapo kwako. Ulisema hata kama haliwaki si kitu, ulione tu uwani ukifungua dirisha asubuhi. Wanao wa kiume wakaanza kutazama sahani zao. Mimi mdomo ukaniponyoka, nikasema nitalileta mwenyewe. Ukaniangalia, ukasema, "Wewe? Haya, tutaona." Tangu nimwoe binti yako hujawahi kunituma hata kubadilisha balbu, kwa hiyo ile "tutaona" iliniingia moyoni. Nilitaka siku moja uwaambie watu kwamba mkweo ni mtu wa kutegemewa.

Basi nikalipeleka lile gari letu kubwa la zamani, lenye tairi la akiba mgongoni, kwa fundi ambaye mtaa mzima unamwita Polepole. Nilidhani atafunga ile ndoano ya kuvutia trela, tupeane mikono, nirudi nyumbani. Akalizunguka, akalala chini yake, akakaa huko mpaka nikadhani amesinzia. Alipotoka akaniambia, "Kuvuta litavuta. Niambie litasimama na nini." Zikaja brekipedi mpya. Zikafuata springi za nyuma, maana zimechoka, na alisema gari likibebeshwa mzigo litakaa matako chini. Ikafuata rejeta, kwa sababu injini ya umri ule ikivuta mlimani huchemka haraka. Binti yako akaniuliza kama tunafuata gari au tunaoa tena. Nikajifanya nahesabu spana, kwa usalama wangu.

Taa za trela nililoazima nazo zilitutoa jasho. Nikikanyaga breki, trela linaonyesha linakata kushoto. Nikiwasha indiketa, honi inalia. Majirani walitoa viti nje wakatazama. Polepole akafuatilia waya mmoja mmoja mpaka kila taa ikashika adabu. Halafu akanifundisha kurudi nyuma na trela, jambo ambalo sitaki kulizungumzia, isipokuwa pipa la taka la jirani nimeshalilipa. Mwisho akanikaririsha jinsi ya kupakia: injini itangulie mbele ili uzito uegemee kwenye ndoano, la sivyo trela litayumba njia nzima, kila gurudumu na mkanda wake, minyororo ipishane chini. Mama, haya niliyajua kuliko ninavyoijua tarehe ya harusi yangu, na hilo naomba libaki kati yetu.

Jana tukafika nyumba ya zamani. Unajua kwamba marehemu Baba na yule jirani yenu, Mzee Koti, asiyevua koti hata jua liwake vipi, walinunua magari ya aina moja na rangi moja, wakayaegesha chini ya banda moja. Nikayakuta yote mawili yamefunikwa maturubai. Mzee Koti, anayekutunzia funguo, alikuwa ametoka. Binti yako akasema tumsubiri, akaingia ndani kukusanya masufuria yako. Mimi nikaona huko ni kupoteza muda. Gari lililokuwa upande wa karibu halikufungwa mlango, nami nikaamini ndilo. Nikaweka giya huru, nikalivuta kwa waya wa trela likapanda kwa heshima zote. Nikalifunga mikanda, nikalifunika tena lisile vumbi. Binti yako alipotoka na masufuria alikuta nimeshamaliza, najifuta mikono kwa madaha.

Njia nzima trela halikuyumba. Mlimani rejeta haikutoa hata moshi. Nilipiga mluzi mpaka binti yako akaniomba niache.

Sasa Mama, tafuta kiti ukae. Tulipofika leo tulilifunua turubai ili nilifute vumbi kabla hujaliona. Kiti cha nyuma kilikuwa na makoti mawili ya akiba. Binti yako akayatazama, akanitazama mimi, akasema, "Hili siyo gari la baba." Nimevuta gari la Mzee Koti, mji hadi mji, bila mwenyewe kujua. Mikanda yote niliikagua. Namba za gari sikuzisoma.

Nikampigia simu. Alisema alipokuta banda limebaki na gari moja alitaka kwenda polisi, kisha akaona alama za trela zimepita juu ya maua yako, akajua ni mimi tu. Wala hakukasirika. Kumbe gari la Baba linawaka, Mama. Kila Jumapili yeye huliwasha na kulizungusha kidogo, maana hakutaka rafiki yake aende, na gari nalo life mbele ya macho yake. Akaniambia, "Siku zote nilikosa sababu ya kumpelekea mkweo. Sasa umenipa." Yuko njiani, analiendesha mwenyewe kuja kwako, na amesikitika kwamba koti alilovaa si la kutokea.

Na hali yako kule mwanzo wa barua nimeuliza kwa adabu tu, kwa sababu nakusikia ukimfokea mtunza bustani. Tuko nje ya geti lako. Naandika juu ya usukani. Binti yako amenisihi niingie nikueleze mwenyewe, lakini miguu imegoma, kwa hiyo yeye ndiye atakayekuletea barua hii. Nilitaka sana kulifanya hili vizuri, Mama. Aibu niliyo nayo haielezeki.

Wasalimie wote humo ndani, na wanao wa kiume tafadhali usiwasomee. Mzee Koti akifika, mfungulie yeye kwanza. Mimi nipo hapa, nimeshusha kioo nasikiliza. Ukicheka, cheka kwa sauti, nijue kama na mimi naweza kuingia.

Ni mimi mkweo,
nyuma ya ukuta wako.