Kwa Mama, Mpenda Madirisha Wazi

Mwaka umezunguka, Mama, tangu usiku ule ulipolala usiamke. Bado binti yako wa mwisho akiingia chumbani kwako, mkono unamwenda wenyewe dirishani.

Zamani ulikuwa huambiliki. Mvua inanyesha, wewe unafungua madirisha yote na kujipepea kwa daftari la binti huyo la masomo ya jioni. Baba, kajifunika blanketi mbili: "Mke wangu, umeamua kutuanika?" Ukacheka. Lakini mikono ilitetemeka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani, moyo ulikwenda mbio hata ukiwa umekaa, na sare ya kazi ikabaki inaning'inia mwilini kwa ulivyokonda.

Daktari alikuta kinundu kwenye tezi ya shingo. "Hiki kinapiga ovataimu bila kuombwa, ndiyo maana mwili unachemka," alisema. Vidonge vilikituliza, ukiviacha kinarudi. Kilichobaki ni kukitoa, pamoja na nusu ya tezi. Tatizo, mshipa unaoendesha sauti unapita jirani kabisa.

Miaka ishirini na mbili ulikuwa sauti ya kituo cha treni. Abiria hawakuijua sura yako, ila ukisema tu "Ndugu abiria," hata watoto walitulia.

"Sauti ikienda," ulimuuliza binti yako, "nani atawaomba radhi wale wa treni ya saa moja ikichelewa?"

"Na moyo ukienda, Mama?"

Uliwaza siku nne. Ukasaini.

Baada ya upasuaji binti yako alikaa kando ya kitanda akisubiri kusikia sauti. Baba alikuwa ameshafungua dirisha, kwa mazoea. Ukafumbua macho, ukakohoa. Sauti ikatoka imekwaruza, lakini ni yako:

"Jamani, fungeni dirisha. Nasikia baridi."

Baba akajifanya hajasikia, ili useme tena.

Ukarudi kwenye kipaza sauti chako. Miaka sita mingine ulitangaza treni, na jioni ulimbeba mjukuu ili mama yake, binti yako huyo, awahi darasani. Cheti amekipata, Mama. Kiko ukutani, karibu na sare yako.

Mjukuu ana miaka minne sasa. Juzi upepo ulivuma, akapanda kiti, akashika kijiko mbele ya mdomo kama kipaza sauti: "Ndugu abiria, fungeni dirisha!" Baba alijifanya hajasikia.

Unakumbukwa na mumeo wa blanketi mbili, wanao watatu, mkweo, mjukuu wako mtangazaji, dada yako na wenzako wote wa kituoni.

Dirisha tunalifunga, Mama. Kukukumbuka hatuachi.