Damu ya Mbuzi Wako

Rwezamenyo, Kigali
Juni 1993

Kaka Yusufu,

Nimeketi kukuandikia, nikasimama, nikachungulia dirishani, nikaketi tena. Tangu jana mwili hautulii. Alasiri hii lazima niende kwa wifi, mkeo, na maneno ya kumwambia sijayapata.

Nianze na habari za kazini. Kiti chako cha maabara anakikalia Inosenti, fundi aliyehamishwa kutoka Butare. Ana haraka, lakini macho yake ni mazuri. Gari haliendi tena kaskazini kuchukua damu za mbuzi na kondoo, kwa sababu ya vita. Tunapima za hapa karibu. Umeme ukikatika tunakimbiza barafu kwenye friji kama ulivyotuzoeza. Na bado tunalinganisha vile vipimo viwili vya ugonjwa wa kutupa mimba: cha kigae, kinachotoa jibu kabla chai haijapoa, na cha mirija, cha kungoja mpaka kesho. Wakubwa bado wanauliza kama cha kigae kinaaminika kupelekwa vilimani peke yake. Wewe ulikuwa ukisema, "Kikimsingizia mbuzi, mwenyewe anachinja bure. Kikimwachia mgonjwa, mtoto anakunywa homa ndani ya maziwa." Halafu unapuliza chai yako.

Utaratibu wako nao upo. Chupa ya damu inaandikwa namba tu, bila jina la mwenye mnyama. Mmoja anasoma kigae, mwingine anageukia ukuta mpaka zamu yake ifike. "Geuka, Zaina, usiniazime macho," ulikuwa ukiniambia. Nami bado ninageuka, natazama pale rangi ilipobanduka, panapofanana na ziwa.

Sasa, Kaka, Shangazi ametupa mimba. Yule mbuzi wako mweupe, uliyempa jina hilo kwa kulalamika kwake, uliyemnunua ili binti yako Salma apate maziwa. Nilikwenda kumtoa damu. Wifi alimshika pembe, akanitania, "Taratibu, wifi, huyo ni mke mwenzangu. Marehemu akirudi kutoka kazini alimwamkia yeye kwanza." Tulicheka wote wawili.

Juzi nikaweka kwenye kigae tone la yale maji mepesi yanayobaki juu damu ikishaganda, nikalichanganya na tone la ile dawa ya kipimo yenye rangi ya waridi. Namba niliijua, niliiandika mwenyewe. Nikatazama, nikaona laini kabisa, kama ya mbuzi mzima, nikafurahi. Furaha ile ndiyo iliyonitisha. Nikamwita Inosenti, nikageukia ukuta, sikumwambia ni damu ya nani. Akainamisha kigae kuelekea dirishani.

"Dada, hii imekatika kama maziwa mabovu. Hukuiona?"

Jana mirija ikasema hivyo hivyo.

Kwa hiyo kigae kimesema kweli. Ungefurahi, kwa ajili ya kazi. Mimi nilitamani kikosee, mara hii moja tu. Shangazi itabidi achinjwe, na ndiye kitu cha mwisho ulichokileta nyumbani kwa mkono wako. Halafu Salma. Ana homa inayokuja na kuondoka, tulidhani malaria. Nilimuuliza wifi kama maziwa anayachemsha. "Nikipata makaa," akasema.

Hilo ndilo linaloniinua kitini.

Nitaanza na Salma, kwamba kesho asubuhi nitampeleka mwenyewe kwa daktari, na makaa nimekwisha kuyanunua. Ndipo nitamtaja Shangazi. Akiniuliza kama kipimo huenda kimekosea, sitampa tumaini nisilokuwa nalo. Akilia, nitakaa naye mpaka watoto walale.

Nami nakuahidi hivi: damu ya mnyama ninayemjua sitaisoma peke yangu. Nitageuka.

Pumzika, Kaka. Ukiwakumbuka wa nyumbani huko uliko, nikumbuke na mimi.

Zaina