Vidonge Kwenye Kakao

Ipyana, Jumatatu

Mwanangu Kisa, ugonile!

Nimeificha barua hii kwenye mchele ninaokutumia, maana kwenye simu baba yako anasikiliza. Dawa zake za moyo, ya presha anameza, ya kuzuia damu kuganda anameza. Lakini majuzi nikigeuza kakao juani niliokota vidonge kumi na kimoja vya kukojoza! Kumbe anavitupa humo, akiogopa kukimbilia chooni katikati ya wimbo, maana besi kwenye kwaya ni yeye tu. Miguu ilivimba, akawa analala ameketi. Sikukuambia.

Sasa anameza, na kwaya imemsimamisha mlangoni. Jana alitoka mara mbili, akarudi akiidaka besi palepale. Na viatu vimemwingia, Kisa. Vyote viwili!

Mama yako, niliyemfunga kamba za viatu hivyo,
Anyitike