Rais Aliyerudi Shambani

Baba, salamu zikufikie hapo mtaani Majimbo,

Huku Laare kuna baridi kali na mukimo wa viazi na mahindi mtamu kuliko wetu, usimwambie Mama. Jana nilihudhuria mkutano wa mradi wa maji. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alitusimulia habari za rais wa kwanza wa Marekani: aliongoza jeshi, akatawala mihula miwili, akakataa wa tatu, akarudi kulima. Tukapiga makofi. Kisha akatangaza kwamba uchaguzi wa mwenyekiti umeahirishwa tena. Mke wake, aliyekuja moja kwa moja kutoka kulima, akamkabidhi jembe: “Haya Mwalimu, shamba ndio ile. Enda ulime kama yeye.”

Nilicheka mpaka nikakumbuka wewe ni mwenyekiti wa mtaa tangu kabla sijazaliwa.

Nakupenda sana. Zawadi yako nimeshainunua. Ina mpini mrefu.

Muthoni wako