Msamaha Alioutoa Harlan Kanisani

Tamarack Creek,
Montana.
6 Machi 1994

Mpendwa mdogo wangu Arvid,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji isiyotaka kuondoka. Natumaini kifua kilichokusumbua wakati wa Krismasi kimepona. Huko Alaska ndege zenu zinaruka, au injini bado zinaganda?

Sisi miili ni mizima. Mama anakula vizuri, ila magoti yanamtesa. Ng'ombe wameanza kuzaa, na ndama wawili tumewalaza jikoni kwa sababu ya baridi.

Uliuliza kwa nini mwaka huu shemeji yako hakukutumia risasi. Nilikuwa nakwepa kukujibu, maana kila nikishika kalamu naishia kuichana karatasi kwa hasira.

Unamjua Wendell na gereji yake. Kila Jumamosi alikuwa humo na kaka yetu Harlan, redio ikiimba, wakisafisha maganda matupu ya risasi, wakipachika fataki, vile vidude vya kuwashia baruti, wakipima baruti kwenye kile kimizani chake kidogo. Akimaliza risasi aliipaka rangi yangu ya kucha kwenye kitako, nyekundu, unyevu usiingie. Harlan alikuwa akimcheka: "Shemeji, hizi ni risasi au ni mabibi harusi?" Nami nilikuwa nikiwapelekea kahawa na kuwasikia wakibishana kama watoto.

Msimu wa kuwinda kulungu ulipofunguliwa, bunduki ilimpasukia Harlan usoni kule mlimani. Jicho la kulia limekwenda, na vidole viwili. Aliyembeba hadi barabarani ni Wendell. Tulipofika hospitali, neno la kwanza Harlan alilomwambia daktari, mbele yetu sote, lilikuwa: "Ni risasi za shemeji yangu."

Arvid, ungemwona mume wangu. Hakujitetea hata kidogo. Aliirudia kazi yake yote kichwani, akitafuta alipokosea. Akamwaga baruti yake yote uwanjani, akaichoma. Akaacha kufundisha vijana kwenye klabu ya shabaha kabla hawajamfukuza, na walikuwa wanakaribia. Dukani watu walikuwa wakinyamaza akiingia. Usiku simsikii akikoroma. Analala macho wazi.

Kabla ya Krismasi Harlan alisimama kanisani, kitambaa kikiwa bado jichoni, akasema mbele ya watu wote: "Wendell, nimekusamehe." Watu walilia. Mama alilia. Wendell alikwenda akamkumbatia, akamwambia, "Asante, kaka." Nami nilimshukuru Mungu, mjinga mimi.

Kesho yake wifi yangu Doreen alikuja, hata koti hakuvua. Aliweka mezani boksi la risasi alilolikuta chini ya kiti cha gari la mumewe, pamoja na ganda lililochanika, ambalo Harlan alitoka nalo mlimani mfukoni, akalificha humo humo.

"Tazama vitako, wifi," akaniambia. "Rangi iko wapi?"

Hakuna hata moja iliyokuwa na rangi. Kumbe Harlan, kama alivyomkiria Doreen alipombana, alinunua mashine yake ya kutengenezea risasi, akaificha kwenye chumba cha chini ya nyumba, akawa anajitengenezea mwenyewe. Alitaka kumshinda Wendell kwenye mashindano ya klabu ndipo amwambie. Risasi moja alisahau kuitia baruti. Fataki ikaisukuma nusu ya njia tu, ikakwama ndani ya mtutu. Yeye akasikia mlio mdogo, akatia nyingine, akafyatua, ikagonga ile iliyokwama na bunduki ikapasuka.

"Alijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu pale pale mlimani. Nilidhani atasema mwenyewe. Lakini jana, kule kumsamehe! Nimeshindwa kulala naye chumba kimoja."

Nilikwenda kwa Harlan siku hiyo hiyo. Nikamwambia, "Kaka, mwambie Wendell ukweli. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Hakukana. Alinitazama kwa jicho lake moja, akasema, "Mimi nimepoteza jicho, Verna. Yeye kapoteza nini?"

Nilipomweleza Wendell, alizungusha kikombe mezani hadi kahawa ikapoa. Kisha akasema, "Mwache, Verna. Ameshaumia vya kutosha."

Sikumwacha. Nilimpa Harlan nafasi hadi Januari yote ikaisha. Jumapili moja mchungaji alipouliza nani ana neno, nilisimama na ganda mkononi, nikasema kila kitu. Doreen naye akasimama, akasema, "Ni kweli." Harlan alichukua kofia yake akatoka. Hakuna aliyelia safari hii.

Sasa Mama hasemi nami. Anasema nimemwaibisha mlemavu mbele ya watu. Harlan hajaomba radhi hadi leo. Wale wa klabu walimletea Wendell keki, wakamwomba arudi kufundisha. Alipokea keki, akawaambia hapana.

Mimi nilidhani nikisema ukweli nitarudishiwa mume wangu. Wendell hajaniambia nilifanya vizuri wala vibaya. Jumamosi iliyopita aliifungua gereji, nikasikia vyuma vikigongana, nikadhani ameanza tena. Nikapika kahawa haraka, nikaipeleka. Nikamkuta ameng'oa mashine zote, ameziweka barazani, yeyote anayetaka achukue. Sakafu ameifagia. Akaniambia, "Rudi nyuma kidogo," akaliingiza gari ndani. Miaka yote limekuwa likilala nje. Sasa asubuhi hatukwangui tena barafu kwenye kioo. Ndiyo faida tuliyopata.

Ukija kwa siku ya kuzaliwa ya Mama, utalala kwetu au kwa Harlan, sitakulazimisha. Lakini usituweke meza moja.

Msalimie mkeo Ingrid, na umbusu Solveig kwa niaba ya shangazi yake. Doreen anakusalimu, yuko kwa dada yake. Wendell naye anakusalimu, na anasema ununue risasi za dukani, ni nzuri tu.

Mungu akulinde huko angani na akurudishe chini salama.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Verna