Gari Yenye Kiti cha Mama Mkwe

Ijumaa, jioni. Mvua ilipiga asubuhi ikaacha, na sasa jua linachungulia kama mtoto anayeangalia kama wageni wameenda.

Leo moyo wangu umelala. Umelala kabisa, kama ng'ombe aliyeshiba.

Mama mkwe anaona.

Nimeandika hilo kwanza, kwa sababu nikianza kusifu gari nitasahau. Naandika kwa simu na kidole kimoja, shule niliacha darasa la nne, lakini kwa mambo ya magari ya mitumba bado sijaona wa kunifundisha, kutoka Migori mpaka Homa Bay. Nimeendesha tangu hawa vijana wa bodaboda hawajazaliwa, na hakuna gari iliwahi kunilaza barabarani. Ile moja ilinilaza, lakini hayo yalikuwa makosa ya daraja.

Sasa nieleze ya pikapu, maana yote yalianzia hapo.

Niliinunua kwa mchimba dhahabu wa Osiri aliyekuwa anabebea magunia ya mawe. Mbele ina kiti kimoja kirefu cha dereva na mwenzake, watatu wakijibana. Nyuma ni sanduku wazi. Watu walinikataza. Watoto wangu walipiga simu mmoja baada ya mwingine, eti Baba, nunua gari ya kukaa watu. Nikawaambia mimi sibebi watu, nabeba mahindi. Hiyo injini ukiiwasha alfajiri, hata mbwa wa jirani anasimama. Mlima ilikuwa inapanda ikiimba. Nilikuwa naenda Rongo bila kazi yoyote, nanunua sigara moja narudi, kwa raha tu ya kubadilisha gia.

Mke wangu, mimi humwita Nyar Rangwe kwa sababu ni binti wa Rangwe, aliizunguka mara moja akauliza, "Na mama yangu atakaa wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia mama yako ana miguu, na bodaboda zimejaa.

Kwa msomaji asiye wa kwetu: mama ya bibi yako sisi Wajaluo tunamwita maro, na maro si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono. Huli naye meza moja. Hulali chini ya paa lake, na hukai naye bega kwa bega. Ni kwer, mwiko, na mwiko ukiuvunja unafuata watoto wako. Vijana wa leo wanapiga picha wamekumbatia maro wao kama timu ya mpira. Mimi siko huko. Na maro wangu ndiye hayuko huko kabisa, kunishinda mimi.

Basi mtoto wa jicho akamshika, macho yote mawili. Akawa anamwaga chai kando ya kikombe. Siku moja alisalimia nguzo ya nyumba, akaiuliza habari za watoto. Daktari wa macho wa Homa Bay akasema aletwe haraka, akichelewa sana hata kisu hakitasaidia. Wanawe wa kiume wako mbali. Gari kwa ukoo huo wote ilikuwa moja, na ilikuwa yangu. Sitadanganya, nilijisikia. Niliosha pikapu mpaka magurudumu yakawa meusi kama viatu vya askofu.

Nilipofika Rangwe, maro alitoka amevaa nguo ya kanisa, ameshikwa mkono na binti yake. Mimi nilisimama mbali kama inavyotakiwa, naangalia migomba. Akafika kwa mlango wa pikapu, akaweka kiganja kwenye kiti, kwa sababu haoni. Akapapasa. Akapapasa kutoka mlangoni mpaka kwa gia, na kiganja kikafika mwisho haraka.

"Hii kiti ni moja," akasema.

Nyar Rangwe akamwambia, "Mama, mimi nitakaa katikati."

"Katikati ya nini? Hata wewe utakuwa umempakata."

Akaomba kiti cha plastiki. Tukabishana, yaani wao walibishana, mimi niliendelea na migomba. Mwishowe maro akapandishwa kwenye sanduku la nyuma na kiti chake na mwavuli, binti yake akakaa chini kumshikilia. Mimi nikaendesha mbele peke yangu kama chifu.

Njiani, pale Rodi Kopany, ilikuwa siku ya soko.

"Jaduong'!" mama mmoja wa nyanya alipiga kelele, jaduong' ndiyo kusema mzee. "Huyo nyuma ni bibi arusi ama ni viazi?"

"Ni bibi arusi!" mwenzake akamjibu. "Huoni bwana arusi amemkimbia akakaa mbele?"

Soko zima likacheka. Nilitaka kukanyaga mafuta, lakini nyuma kuna kiti cha plastiki. Nikaenda mwendo wa kobe, nikichekwa kutoka kwa wa nyanya mpaka kwa wa omena, wale dagaa.

Halafu mvua. Tulifika hospitali maro amelowa, anatetemeka, amekunja mdomo. Wakampima presha, muuguzi akatikisa kichwa. Presha kama hiyo hawapasui jicho. Arudi nyumbani, apumzike, aletwe tena.

Alirudi Rangwe na Probox, gari ya abiria ya kulipa, amebanwa na watu asiowajua, mmoja amemwekea kuku miguuni. Alifurahi kuliko angekaa karibu na mimi.

Gari haikuwa na makosa. Hilo nalisema mpaka leo.

Lakini Nyar Rangwe hakunigombeza. Hapo ndipo niliogopa. Chakula kilikuja kwa wakati, chumvi sawa, maji ya kuoga moto. Mwanamke akikukasirikia hivyo, uza kitu.

Niliuza pikapu. Ilirudi Osiri kule kwa mawe yake. Nilisimama barabarani mpaka sauti ya ile injini ikapotea, nikamwambia mke wangu ni vumbi liliingia jichoni.

Tukaenda yadi moja hapa Migori. Kijana wa kuuza alikuwa na viatu vinavyong'aa kuliko magari yake. Akanionyesha kagari kadogo kekundu, akaanza, mzee hii ina skrini, ina muziki, rimu ni za michezo. Mimi niliweka mkono juu ya boneti. Moto. Gari inayowashwa kabla mnunuzi hajafika ina kikohozi inaficha. Nikamwambia tutakaa tunywe chai mpaka ipoe. Akasema si lazima, kuna zingine.

Akatuleta kwa ile ya safu tatu za viti, ile ya kubeba watoto shule. Hiyo boneti ilikuwa baridi. Niliiwasha mwenyewe, nikasikiliza. Nikalala chini na koti langu zuri kutafuta kutu. Nikainua kapeti nikanusa, maana gari iliyolala kwa mafuriko huwezi kuidanganya pua. Nikavuta kijiti cha oili, nikasugua tone kwa vidole. Safi. Ubaya wake mmoja: haina klachi. Maisha yangu yote nimesema gari isiyo na klachi ni ng'ombe asiye na pembe.

Lakini kipimo kikubwa kilikuwa bado. Nikamwambia Nyar Rangwe aende akae kile kiti cha nyuma kabisa, upande wa dereva. Mimi nikakaa mbele.

"Unaona nini?"

"Naona mgongo wako."

"Na mimi kwenye kioo sikuoni. Songa kushoto. Sasa nakuona. Rudi pale pale."

Kijana akakuna kichwa. "Mzee, unanunua gari ama unapanga watu kanisani?"

"Napanga boma," nikamwambia. "Wewe bado hujaoa, ama umeoa vibaya."

Hapo ndipo Nyar Rangwe alicheka. Nilikuwa sijasikia hicho kicheko tangu siku ya mvua. Nikanunua.

Jana maro alipanda. Alipapasa tena na kiganja, kiti cha katikati kwanza, kisha akapapasa hewa, kisha kile cha nyuma. Alipapasa polepole sana, na mimi pale kwa migomba nilikuwa sipumui. Akigoma leo, nitamwambia nini mke wangu? Hilo jicho litangoja mpaka lini?

Akaingia. Akakaa. Akauliza kama kuna nafasi ya kunyoosha miguu.

Binti yake alikaa safu ya katikati na kitambaa kikubwa kichwani, kama ukuta wa boma. Kiti cha karibu na mimi kilibaki kitupu, nikaweka kofia yangu hapo. Tulipita Rodi Kopany madirisha yamefungwa na hakuna aliyeuliza habari ya viazi. Presha ilipimwa, muuguzi akasema huyu mama ni kama alikuja amelala. Kweli alilala. Wakampasua jicho moja, akabaki huko usiku na binti yake.

Leo nimeenda kuwachukua. Bandeji wametoa.

Na niandike siri hapa, mtu asimwambie yule kijana wa yadi. Ile gari ni tamu. Kupanda kutoka Homa Bay mguu wa kushoto unakaa tu bila kazi kama shemeji aliyekuja kutembea. Nilipita lori, nikapita Probox, na nyuma hakuna mtu alishika kiti.

Lakini sikio langu lilikuwa nyuma kwa maro. Mimi roho juu. Nikafikiri jicho limekataa, anaogopa kusema.

Halafu nikasikia ile sauti yake ndogo. "Hiyo ng'ombe ni nyekundu."

Ilikuwa nyekundu.

"Yule mwanamke amejitwika majani ya ndizi." Kweli. "Hilo paa wameweka mabati mapya." Kweli kabisa. Aliendelea hivyo, anataja kitu kimoja kimoja kama mtu anayerudishiwa mali yake, na Nyar Rangwe anaitikia, ndiyo mama, ndiyo mama. Mimi niliangalia barabara. Dereva anaangalia barabara.

Tulipokaribia Rangwe akasema, "Binti yangu, mwambie baba ya Akoth."

Akoth ni kifungua mimba wetu. Mimi na maro hatuongei moja kwa moja, maneno yanapita kwa mke wangu, hata tukiwa gari moja tunasikiana vizuri. Nikangoja shukrani. Nilikuwa tayari nimepanga jibu la unyenyekevu.

"Mwambie nyuma ya kichwa chake nywele zimeisha. Avae kofia, jua litamchoma."

Nyar Rangwe alicheka mpaka gari ikatikisika. Na nyuma kabisa, kwenye kile kiti nilichokipima mwenyewe, nikasikia maro naye anacheka. Miaka hii yote ya ndoa sijawahi kumsikia huyo mama akicheka.

Nikachukua kofia kwenye kiti kitupu, nikaivaa.

Nimefika nyumbani nimejipapasa. Ni kweli. Ni sahani nzima huko nyuma, laini kabisa. Na mimi nimetembea nayo sokoni, kanisani, kwa vikao vya wazee, na hakuna mtu alifungua mdomo.

Jicho la pili bado. Nitampeleka mimi, na kofia nitaivaa kabla sijafika kwa lango lake.

Lakini huo upara, ulianza lini?