Kabla Miaka Mitatu Haijatimia

Kaka Thuan,

Mama anakula vizuri na kikohozi kimempungua. Hanoi imetufikia mlangoni. Babu alikuwa akitembea nusu siku kupeleka mboga mjini. Sasa barabara mpya inapita juu ya makaburi ya kijiji, na jana ilikuwa siku ya mwisho ya kuwahamisha wafu wetu.

Baba alikuwa na miaka miwili tu ardhini, nawe unajua mila yetu hungoja mitatu, mpaka ibaki mifupa mitupu. Nilikuandikia mara mbili kwamba mtoto wa kiume ndiye anayepokea kichwa cha baba yake mifupa inapotolewa kaburini.

Mzee Luc, mchimbaji, alifunua jeneza alfajiri, akalifunika upesi.

"Binti yangu, mwili haujaisha. Kaka yako yuko wapi?"

"Yuko Osaka, kazini."

"Kazi gani hiyo isiyompa mtu ruhusa ya kumzika baba yake? Haya. Tukirudisha udongo, kesho tingatinga litamfukua. Nikitenganisha nyama kwa kisu, utaweza kutazama?"

Nikasema nitaweza. Nilimshikia taa mpaka mwisho, kisha nikaiosha mifupa kwa maji ya viungo vya kunukia na kuipanga katika sanduku la udongo, kuanzia miguuni. Kichwa nilikipokea mimi.

Nyumbani Mama aliuliza, "Mifupa ilikuwa mikavu?"

"Mikavu, Mama. Safi kabisa."

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akasema Baba ametuhurumia, amekauka kabla ya wakati wake.

Jumapili atakupigia simu akusimulie. Mwambie umefurahi. Safari hii sikuombi kingine.

Mdogo wako,
Diep